Justin Kluivert: jina la baba, mikopo mitatu, na namba 10 iliyochelewa

Kwa miaka mitano hivi, kuanzia 2018 hadi 2023, jina la Justin Kluivert lilikuwa likitajwa kila watu walipozungumza habari za vijana walioshindwa kutimiza matarajio. Kaondoka Ajax mapema, kakaa benchi Roma, kazungushwa Ujerumani, Ufaransa na Hispania kwa mkopo, na hakuna klabu kati ya hizo iliyokubali kumnunua. Kisha Novemba 2024, akiwa na Bournemouth, akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya Ligi Kuu ya England kufunga penalti tatu katika mechi moja, na miezi miwili haijaisha akaenda Newcastle akafunga mengine matatu, safari hii bila penalti hata moja. Wengi walisema kijana amekomaa, na ni kweli alikomaa. Lakini ukiifuata safari yake hatua kwa hatua utaona mambo matatu yaliyobadilika kwa wakati mmoja: nafasi aliyochezeshwa uwanjani, tarehe aliyofika klabuni, na aina ya mkataba aliopewa.

Tuanze na familia, maana ndiyo iliyomfungulia mlango na ndiyo iliyompa mzigo. Babu yake, Kenneth Kluivert, alicheza mpira Suriname kabla ya kuhamia Uholanzi. Baba yake, Patrick, alizaliwa Amsterdam mwaka 1976, akalelewa na Ajax, na Mei 24, 1995 mjini Vienna alitokea benchi akafunga bao pekee la fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya AC Milan, akiwa bado hajafikisha miaka 19. Akapitia Milan, akakaa Barcelona miaka sita, na akaifungia Uholanzi mabao 40 katika mechi 79. Ndugu zake Justin nao wamo kwenye mpira: Ruben ni beki aliyesajiliwa na Lyon mwaka 2025, na Shane alipitia akademi ya Barcelona.

Hapo ndipo kosa la kwanza la watazamaji lilipoanzia. Patrick alikuwa mshambuliaji wa kati, mrefu wa mita 1.88, mwenye kifua cha kupokea mipira ya juu na kusubiri ndani ya boksi. Justin hafiki mita 1.75. Silaha yake ni mbio fupi, mguu wa kulia, na kukimbilia nafasi iliyo nyuma ya mabeki. Kumpima kwa kipimo cha baba ni kama kumpima fundi seremala kwa kazi ya mwashi kwa sababu tu wamezaliwa nyumba moja. Hata hivyo kipimo hicho kilimfuata Amsterdam, Roma, Leipzig, Nice na Valencia.

Ajax: kasi kubwa, mkataba mfupi

Alizaliwa Mei 5, 1999 na aliingia akademi ya Ajax akiwa mtoto. Januari 15, 2017 dhidi ya PEC Zwolle, winga Amin Younes aliumia kabla ya mapumziko na kijana wa miaka 17 akaingizwa. Kocha alikuwa Peter Bosz, mtu asiyeogopa kuwachezesha watoto. Mei mwaka huo Ajax walifika fainali ya Ligi ya Europa mjini Stockholm wakafungwa 2-0 na Manchester United, na Justin aliitazama yote akiwa benchi.

Msimu uliofuata, 2017/18, alifunga mabao 10 ya ligi, matatu kati ya hayo katika mechi moja dhidi ya Roda JC. Machi 2018 kocha wa Uholanzi, Ronald Koeman, alimwingiza dakika za mwisho Uholanzi ilipoifunga Ureno 3-0 mjini Geneva. Kwa kijana wa miaka 18, hiyo ni rekodi nzuri sana.

Tatizo lilikuwa kwenye karatasi. Mkataba wake ulikuwa unaisha 2019 na hakuongeza. Klabu ikibakiwa na mwaka mmoja wa mkataba ina njia mbili tu: iuze sasa kwa bei ya kupunguzwa, au imwache aondoke bure baada ya miezi 12. Ajax, ambayo bajeti yake inategemea kulea na kuuza, haina ubavu wa kuchagua njia ya pili. Ikamuuza Roma Juni 2018 kwa euro milioni 17.25 pamoja na nyongeza ndogo za mafanikio.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Msimu uliofuata Ajax wale wale, wakiwa na De Jong, De Ligt, Ziyech, Neres na Tadić, waliitoa Real Madrid, wakaitoa Juventus, na wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Winga aliyekuwa anaanza mechi aliondoka mwaka mmoja kabla ya timu bora kabisa ya kizazi chake. Angebaki, pengine angekaa benchi nyuma ya Neres na Tadić. Lakini hata kukaa benchi kwenye nyumba unayoijua, unakojua lugha na mfumo, ni shule tofauti na ile iliyomkuta Italia.

Roma: makocha watatu ndani ya mwaka mmoja

Alipofika Roma alichagua jezi namba 34. Hiyo ilikuwa namba ya rafiki yake Abdelhak Nouri, kiungo wa Ajax aliyeanguka uwanjani Julai 8, 2017 katika mechi ya kirafiki nchini Austria, moyo ukasimama na ubongo ukapata madhara ya kudumu. Inafaa kukumbuka kwamba kijana huyu alianza maisha ya ugenini akiwa amebeba huzuni hiyo mgongoni, kwa maana halisi ya neno.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Agosti 19, 2018 dhidi ya Torino alitokea benchi, akapiga krosi, na Edin Džeko akaunganisha moja kwa moja hewani dakika ya 89: Roma 1-0. Oktoba 2 aliifunga Viktoria Plzeň na kuwa mchezaji kijana zaidi wa Roma kufunga katika Ligi ya Mabingwa. Halafu mambo yakapooza. Msimu ulipoisha alikuwa na mechi 29 za Serie A na bao moja.

Bao moja kwa mechi 29 ni takwimu mbaya, hakuna haja ya kuipamba. Ila itazamwe pamoja na mazingira. Dirisha lile la usajili Roma ilimuuza Alisson, Nainggolan na Strootman, ikaleta kundi kubwa la wageni kwa mpigo. Machi 2019, baada ya kutolewa na Porto, kocha Eusebio Di Francesco akafukuzwa, na Monchi, mkurugenzi aliyemsajili Kluivert, akaondoka siku hizo hizo. Claudio Ranieri akaja kumalizia msimu, kisha Paulo Fonseca akaanza upya. Makocha watatu ndani ya mwaka mmoja, na winga alichezeshwa kulia, kushoto, kulia tena. Winga wa mguu wa kulia akiwekwa kushoto huingia ndani akapiga shuti. Akiwekwa kulia hulazimika kushuka na mstari apige krosi. Ni kazi mbili tofauti, zinazodai mazoezi tofauti, na kijana wa miaka 19 hawezi kujifunza zote mbili huku akipewa dakika 20 za mwisho.

Kwa nini mkopo, na si kuuzwa?

Watu wengi wakisikia mchezaji ametolewa kwa mkopo hudhani klabu haimtaki basi. Mara nyingi sababu iko kwenye daftari la mhasibu. Chukua ile milioni 17.25 uigawanye kwa miaka mitano ya mkataba: ni milioni 3.45 kila mwaka. Hivyo ndivyo klabu inavyoandika gharama ya mchezaji. Baada ya misimu miwili, thamani yake vitabuni ilikuwa bado milioni 10.35. Mtu akija na ofa ya milioni nane, klabu ikikubali inaandika hasara ya zaidi ya milioni mbili mwaka huo huo. Kwa hiyo inamtoa kwa mkopo, mwingine analipa mshahara au sehemu yake, na kila msimu unaopita thamani ya vitabuni inashuka kwa milioni 3.45 nyingine. Ikishakaribia sifuri, karibu bei yoyote ni faida.

Ndivyo ilivyokuwa. Roma ilimuuza Juni 23, 2023. Tarehe si ya bahati: Roma ilikuwa chini ya makubaliano na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kuhusu matumizi yake, na ilihitaji kuingiza faida za mauzo kabla ya Juni 30, siku ya kufunga hesabu za mwaka. Kluivert alikuwa mmoja wa wachezaji kadhaa waliouzwa haraka wiki hizo.

Kwa mhasibu mpango ule ulikuwa sawa kabisa. Mchezaji ndiye aliyeumia. Anayekuja kwa mkopo ni mgeni wa miezi tisa. Kocha hana sababu kubwa ya kumjengea mfumo mtu atakayerudi kwao Juni, na akisuasua wiki tatu za mwanzo nafasi anapewa wa nyumbani.

Tena angalia tarehe. Leipzig alifika Oktoba 5, 2020, siku ya mwisho ya dirisha, Bundesliga ikiwa imeshaanza. Valencia alisajiliwa Septemba 1, 2022, La Liga ikiwa na wiki tatu. Katika mikopo mitatu, ni Nice pekee, Julai 2021, alikopata maandalizi ya kabla ya msimu. Wiki sita zile za Julai na Agosti ndizo wachezaji hufundishwa nani anakaba wapi, nani anafungua nafasi kwa nani. Anayezikosa anajifunza mechini, na kila kosa lake linaonekana na wote.

Leipzig, Nice, Valencia

Leipzig chini ya Julian Nagelsmann mara nyingi walicheza na mabeki watatu nyuma na mabeki wa pembeni waliopanda, mfumo usio na kazi nyingi kwa winga wa asili. Usiku mmoja hata hivyo ulibaki kumbukumbu. Desemba 8, 2020, Manchester United walikuja wakihitaji pointi moja tu kuvuka makundi ya Ligi ya Mabingwa. Leipzig wakatangulia 2-0, na dakika ya 69 krosi ya Angeliño ikapenya kati ya mabeki, kipa David de Gea akasita, na Kluivert akiwa hatua chache kutoka goli akauinua mpira juu ya mikono yake. United walirudisha mawili, ikaisha 3-2, wakatoka. Tazama alikofungia bao lile: katikati ya goli, akitokea nyuma ya mshambuliaji, mbali kabisa na pembeni. Dalili ilikuwapo tangu siku hiyo.

Nice chini ya Christophe Galtier walicheza 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili. Hapo mtu wa pembeni ni mlinzi nusu: mpira ukipotea anarudi kumsaidia beki wake, na anaposhambulia anaanzia mita 60 kutoka goli la wapinzani. Walifika fainali ya Kombe la Ufaransa Mei 2022 wakafungwa 1-0 na Nantes.

Kiangazi hicho Fulham walimtaka, na hapo pakatokea jambo ambalo wachezaji wengi wa Ulaya wamekutana nalo tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Tangu Januari 2021, Mholanzi anahitaji idhini ya chama cha soka cha England kabla ya kupewa kibali cha kazi, kama anavyohitaji Mtanzania au Mkongo. Aliyecheza asilimia 30 ya mechi za ushindani za timu ya taifa iliyo kumi bora duniani hupita moja kwa moja. Asiye na hizo anahesabiwa pointi: dakika alizocheza kwenye ligi, ubora wa ligi hiyo, klabu yake ilimaliza nafasi gani, ilicheza mashindano gani ya Ulaya. Anahitaji 15. Kluivert hakuwa na mechi za taifa za karibuni, idhini ikakataliwa, na dili likafa Agosti. Ona jinsi benchi linavyozaa benchi: dakika chache klabuni zinamnyima timu ya taifa, kukosa timu ya taifa kunamnyima kibali, na kukosa kibali kunamrudisha sokoni dirisha likikaribia kufungwa.

Ndipo akaenda Valencia, klabu ambayo baba yake naye aliichezea msimu wa 2005/06. Timu ilikuwa inazama. Gennaro Gattuso aliondoka Januari, na walinusurika kushuka daraja siku ya mwisho, nafasi ya 16. Katika vurugu hiyo Kluivert alifunga mabao sita ya ligi. Pengo la mshambuliaji Edinson Cavani aliyekuwa majeruhi mara kwa mara lilimfanya asogezwe karibu zaidi na goli. Kwa mara nyingine, alivyokaribia katikati ndivyo alivyofunga.

Bournemouth: kazi mpya

Ada iliyotajwa ilikuwa takriban pauni milioni 9.5, mkataba wa miaka mitano, na aliwasili Juni. Kwa mara ya kwanza tangu Roma alikuwa mali ya klabu inayomchezesha, na alikuwa na maandalizi yote mbele yake. Kocha Andoni Iraola naye alikuwa mgeni, maana yake hakuna aliyejua mfumo kumzidi.

Mwanzo haukuwa wa kufurahisha. Bournemouth walicheza mechi tisa za kwanza za ligi 2023/24 bila ushindi, na Kluivert alikuwa bado anajaribiwa pembeni. Baadaye alipofunga bao lake la kwanza la Ligi Kuu aliingia kwenye orodha fupi mno ya waliofunga katika ligi zote tano kubwa za Ulaya, orodha iliyofunguliwa na Florin Răducioiu wa Romania. Watu waliisifu rekodi hiyo. Ni ya kuvutia kweli, lakini isomwe vizuri: mtu mwenye umri wa miaka 24 hafungi katika ligi tano kubwa isipokuwa amehamahama bila kupumzika.

Mabadiliko ya Iraola yalikuwa kumtoa pembeni na kumweka nyuma ya mshambuliaji, namba 10 katika 4-2-3-1, yaani mabeki wanne, viungo wakabaji wawili, watatu mbele yao, na mshambuliaji mmoja. Namba 10 wa Iraola hana kazi ya kupokea mpira taratibu na kugawa pasi tamu. Kazi yake ya kwanza ni kukaba. Kipa wa wapinzani anapoanza mpira kwa beki, mshambuliaji anamfuata beki, mawinga wanafunga pembeni, na namba 10 anamganda kiungo mkabaji anayesubiri pasi. Mpira ukinyakuliwa hapo, goli liko mita 30 tu. Kazi ya pili ni kukimbia: mshambuliaji akishuka kuvuta beki wa kati, namba 10 anapita pale palipoachwa wazi.

Sasa linganisha na sifa zake. Mbio fupi za ghafla: zinahitajika. Kumalizia mbele ya goli kwa mguu wa kulia: kunahitajika. Udhaifu wake mkubwa, ule wa kumpita beki wa pembeni mmoja kwa mmoja akiwa amesimama, hauhitajiki tena kwa sababu mpira anaupata akiwa tayari anakimbia. Msimu wa kwanza alimaliza na mabao saba ya ligi. Klabu ilimaliza ya 12 na pointi 48.

Agosti 2024 mshambuliaji Dominic Solanke aliuzwa Tottenham, na penalti zikahitaji mpigaji mpya. Kluivert akazichukua. Novemba 30 ugenini kwa Wolves, mshambuliaji mwenzake Evanilson aliangushwa mara tatu ndani ya boksi, na Kluivert akafunga dakika ya 3, ya 18 na ya 74. Mechi ikaisha 4-2. Penalti ya tatu dhidi ya timu ile ile siku moja ni mtihani wa akili kuliko wa mguu. Kipa ameshaona mara mbili unavyoanza mwendo na unakotazama, na wewe unajua kwamba anajua. Ukibadilisha sana unajichanganya mwenyewe, usipobadilisha anakusoma.

Wapo waliosema mabao ya penalti hayahesabiki. Wapewe orodha. Msimu ule wa 2024/25 alifunga mabao 12 ya ligi, sita kwa penalti: Arsenal, Wolves mara tatu, Manchester United pale Old Trafford, na Chelsea. Sita mengine yalikuwa ya mchezo wa wazi: Brentford, matatu Newcastle, Nottingham Forest na Brighton. Ondoa penalti zote, bado ana sita, sawa na jumla yake Valencia.

Newcastle pale ndipo pa kutua kidogo. Januari 18, 2025 Newcastle walikuwa wameshinda mechi tisa mfululizo katika mashindano yote. Bournemouth walikwenda na kikosi kilichojaa majeruhi. Kluivert alifunga dakika ya 6, ya 44, na bao lake la tatu katika dakika za majeruhi baada ya 90, mechi ikaisha 4-1. Yote yalianzia kwenye kile kile: mpira kunyang'anywa au kupigwa mbele haraka, naye akitokea nyuma ya mshambuliaji bila wa kumfuata, kwa sababu viungo wa Newcastle walikuwa bado wanageuka. Patrick Kluivert aliichezea Newcastle msimu wa 2004/05 na kumaliza na mabao sita ya ligi. Kwenye uwanja huo huo mwanawe alipata nusu ya hayo kwa alasiri moja. Wiki moja baadaye Forest walipigwa 5-0, naye akafunga bao la kwanza dakika ya 9. Bournemouth walimaliza ya tisa na pointi 56, rekodi ya klabu kwenye Ligi Kuu, kwa timu ambayo uwanja wake unaingiza watu wapatao 11,300.

Koeman, aliyempa mechi ya kwanza 2018, alimwita tena timu ya taifa mwaka 2025. Kati ya mwito ule na huu, Uholanzi ilicheza Kombe la Mataifa ya Ulaya mara mbili na Kombe la Dunia mara moja bila yeye. Na nafasi anayorudi kuigombea sasa si ile aliyoiacha: 2018 alikuwa anashindana na mawinga, leo anasimama foleni moja na viungo washambuliaji kama Tijjani Reijnders na Xavi Simons. Wote wawili, kama yeye, ni watoto wa wanasoka.